Kibaraza cha Kitindamimba

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U mzima? Wifi na mapacha hawajambo? Sisi tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi uko fiti, na kutwa nzima unakutaja wewe.

Nikwambie mapema, nakuonea wivu.

Unakikumbuka kibaraza ulichoanza kujenga mbele ya nyumba, ukasafiri kabla hakijafika popote? Nondo bado zimechomoza, zimeshika kutu, na majani yameota kwenye nyufa. Sasa halmashauri inapita kukagua nyumba zinazoharibu sura ya mtaa. Mkaguzi wao, tunayemwita Bwana Alama kwa lile kopo lake la rangi nyekundu, alitupigia X ukutani. Kimaliziwe kabla mwezi haujaisha, la sivyo watakibomoa wenyewe. Na wakibomoa wao hawachagui, wanaweza kuondoka na dirisha la mama.

Mimi ni fundi rangi, nusu ya mtaa huu inang'aa kwa mikono yangu. Nikamwambia mama nimwite mwashi, kisha nipake. Alinijia juu!

"Usiguse! Mwenyewe anakuja kumaliza."

Mimi ninayemkanda magoti kila jioni, nisiguse. Wewe uliyetuachia nondo na ahadi, unalindiwa. Niliumia, tena sana.

Bwana Alama akarudi, akaanza kupima ukuta wa kubomoa. Mama akaingia ndani, akalia kama mtoto. Nikashindwa kununa. Nikamdanganya kwamba umepiga simu, umeniagiza nimalizie kwa niaba yako.

Basi! Alifuta machozi, akatoa kiti nje, akamsimamia mwashi mpaka mwashi akaomba poo. Nami nikapaka rangi ya maziwa, na pale penye X nikarudia mara tatu ndipo ikazama. Bwana Alama amekagua na kutufuta kwenye orodha yake.

Sasa mama anakaa hapo kila asubuhi. Anayepita anaambiwa, "Umeona mwanangu alivyonijengea?" Mimi niko mlangoni, rangi bado kwenye kucha.

Wasalimie wifi na mapacha. Mjomba na shangazi wanakusalimu. Mungu akupe afya na akurudishe salama.

Mama atakupigia kukushukuru. Itikia tu, usiniumbue. Ila kabla hujakata simu, muulize nani alipaka rangi. Nitakuwa karibu, nasikiliza.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata nikinuna.