Kovu la Korosho

Kwa mjukuu wangu Kadzo, huko Nairobi,

Babu yako hajawahi kukimbia sindano. Huo ni uongo, wala sina nguvu ya kuushikilia. Huku Timbwani tu wazima, ila magoti yangu yamechoka kunibeba. Nyanyako, mke mwenzako, anakusalimu.

Umeniuliza kama mtoto achanjwe surua, maana jirani yako asema maradhi hayo hayaonekani tena.

Ujanani mwetu, wachanjaji wa ndui walitazama kovu mkononi; mwenye nalo walimwacha apite. Mimi na rafiki yangu Charo tukajipaka mafuta ya ganda la korosho, yakatuunguza, tukapita kama waliochanjwa. Mama akanigundua, akanikokota kwa sikio hadi nikachanjwa. Charo sikumtaja. Ndui ilipopita, alibaki na jicho moja. Mpaka leo huniambia, "Wewe na domo lako lote, siku ile ukakosa neno." Nacheka naye, lakini kicheko hicho kimenichosha.

Ndui imetoka duniani kwa sababu watu wa kila nchi walitoa mikono yao. Surua bado ipo, mwambie jirani.

Ile picha ya kitukuu uliyoniahidi tangu Pasaka, niletee sasa, akiwa analia, ametoka kudungwa.