Mkondo wa C na Sikio Lako la Kushoto

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, kando ya dirisha.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Marahaba! Najua umeniamkia moyoni kabla hata hujachana bahasha, kwa hiyo naitikia mapema tusipoteze muda. U hali gani wewe? Mumeo hajambo? Mguu wake umepona kabisa, au bado anausingizia ili asioshe vyombo? Na wale mapacha wangu wanaendeleaje, bado wanagombania upande mmoja wa kitanda? Nijibu moja moja, usinijumlishie.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako amejilaza sebuleni, gazeti limemfunika uso, na anakoroma mpaka karatasi inapanda na kushuka. Kitinda mimba wetu amepata kazi kwenye duka la vioo, na tangu aanze haturuhusu kuegemea dirisha la nyumba yetu wenyewe.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu nimejaribu, mama. Nilikuambia "nina jambo," ukasema hata wewe unalo, ukalianza lako, na lako likaisha pamoja na chaji yangu. Barua haikatizwi. Basi kaa kitako, weka sufuria pembeni, unisikilize dada yako mpaka mwisho.

Jambo lenyewe nalitaja hapahapa nisikuzungushe: nataka ukapime damu. Sababu nitakueleza. Usianze kutetemeka, maana habari hii ina vicheko vingi kuliko machozi.

Mwaka jana mwenzetu mmoja pale kwa dobi, yule anayesimamia mashine za kufulia, alifanyiwa upasuaji, na sisi wafanyakazi wenzake tukaombwa tumchangie damu. Nikaacha pasi yangu nikaenda kifua mbele. Siku chache baadaye nikaitwa, nikaambiwa damu yangu haifai. Nilikasirika hasa! Damu yangu mimi irudishwe kama shati lililobaki na doa? Nilitaka niwaulize kama wanajua kazi yao.

Nikapelekwa kwa daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini mpaka unalazimika kuinama. Akaniambia vipimo vimeonyesha homa ya ini, C. Nikashusha pumzi. Nikamwambia, "Ahsante Mungu. Shuleni mimi sikuwahi kuvuka D."

Akanitazama kama mtu anayejiuliza amwite nani. Kumbe C si maksi! Ni aina ya virusi. Kuna A, kuna B, na huyu C wangu, ambaye ni mpole wa uongo. Anaingia mwilini, anajikalia kwenye ini miaka na miaka bila kelele, analichakaza kidogo kidogo, na mwenyewe unadhani ni uchovu wa kazi. Ule uchovu niliokuwa nikikulalamikia, mpaka nikasinzia nimesimama na nikaunguza suruali ya mteja, huenda ndio huohuo. Maneno ya daktari yalinikata maini, Chiriku, na maini yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakiugua.

Nikarudi nyumbani nikafunga mdomo. Nikatenga kikombe, sahani na kijiko, nikaviweka dirishani peke yake nisije nikawaambukiza watu wa nyumbani. Kwa kiwewe nilichokuwa nacho, kikombe nilichokitenga kilikuwa kile kikubwa cha shemeji yako. Nikahama na mto wangu, nikawa nalala chumba cha nyuma. Simkumbatii, simkaribii, chakula nakula baada ya wote.

Basi mwenzangu akadhani nimemnunia. Kesho yake akaosha vyombo bila kuambiwa. Kesho kutwa akaziba lile bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu mtoto wetu wa kwanza aanze shule. Nakuambia ukweli, niliona niendelee kunyamaza kidogo, kwa sababu mlango wa kabati nao ulikuwa umelegea. Akaukaza. Akapaka rangi choo. Mwisho akaja kusimama mlangoni na nyundo mkononi, akasema, "Mama watoto, nimekukosea nini? Niambie tu, maana hata misumari imeniishia."

Niliangua kicheko, halafu kicheko kikageuka kilio, nikamweleza yote. Akakaa chini, nyundo mapajani. Kisha akaniuliza, "Sasa kikombe changu nacho kimefanya nini?"

Tukaenda wote kliniki, na nesi akatunyoosha. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala kushikana mikono, wala kukumbatiana. Njia yake ni damu: sindano iliyotumiwa na mwingine, wembe, mswaki wa kuazimana, kitu chochote chenye damu ya mtu kikiingia kwenye damu ya mtu. Shemeji yako na watoto walipimwa wote, na wote ni salama. Kikombe kilirudi kwa mwenyewe, na mto wangu ukarudi kitandani. Choo kimebaki na rangi yake mpya.

Sasa nikuambie kuhusu benchi.

Siku ya kliniki yetu ni Alhamisi. Kuna benchi refu kwenye ujia, nje ya chumba cha kutolea damu, na siku ya kwanza nililiketia pembeni kabisa, nimejifunika shali mpaka puani. Mama mmoja mnene, mshona mapazia, akanisogelea akaniuliza, "Mgeni, wewe uko mkondo gani?" Sikumwelewa. Akanionyesha kidole. "Wale wa dirishani ni mkondo wa B, wanaringa hao. Sisi hapa ni mkondo wa C. Toa hiyo shali, mwanangu, utakufa na joto kabla ini halijakusumbua."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka ndani ya shali. Nikaitoa.

Yule mama ndiye Monita wetu. Kwao mambo yote ni shule. Kumeza vidonge ni kazi ya nyumbani. Kipimo cha mwisho, kile kinachofanywa miezi mitatu baada ya kumaliza dawa, ndio mtihani. Aliyepona amehitimu. Monita mwenyewe alirudia darasa: alianza zamani, wakati wa dawa za sindano, zikamtesa na kumnyonyoa nywele, na ugonjwa ukabaki palepale. Hivi vidonge vya siku hizi ndivyo vilivyomponya. Amehitimu kitambo, lakini Alhamisi haimpiti. Nilipoanza dawa alinipigia simu kila jioni, hata salamu hakuna, anauliza tu, "Kazi ya nyumbani umefanya?" Siku nilizokuwa na kichwa kizito na moyo mzito zaidi, nilimeza kidonge kwa kumwogopa yeye tu.

Yupo pia Dereva wa lori, kipande cha mtu, mabega hayapiti mlangoni sawasawa. Haogopi mteremko wala usiku, lakini akiona sindano macho yanampinduka. Akiitwa kutoa damu lazima ashikwe mkono, na anayemshika ni Bibi Harusi, kabinti kembamba kanakofanya kazi duka la viatu. Ukiwaona wakiingia utadhani mtoto anampeleka baba yake shule.

Huyo Bibi Harusi alikuja kwetu harusi yake ikiwa imekaribia, na ameshaamua kuivunja bila kumwambia mchumba sababu. Benchi likakataa. Monita akamwambia, "Mlete huyo kijana hapa. Akikimbia, heri akimbie leo kuliko baada ya watu kula pilau." Akamleta. Kijana akaketi katikati yetu, akasikiliza, akauliza maswali mpaka nesi akachoka, kisha akauliza kama anaweza kuja tena Alhamisi ijayo. Wameoana. Gauni la harusi nililipiga pasi mimi mwenyewe kwa mikono yangu hii, na sikumruhusu mtu mwingine aliguse.

Mwezi uliopita nilifanya mtihani wangu. Virusi havionekani. Nimehitimu, Chiriku! Dereva alilia kuliko mimi, ikabidi tumtafutie kiti. Na Alhamisi iliyofuata nikajikuta nimevaa viatu, naaga kwenda kliniki ambako sina miadi. Shemeji yako alinipa tu mwavuli. Monita amenipandisha cheo, siku hizi mimi ni mwalimu wa zamu, na kazi yangu ni kukaa na wageni wanaokuja wamejifunika shali. Nawapenda watu wale. Sikujua kwamba ugonjwa unaweza kukupa ndugu.

Haya, tuje kwako.

Daktari aliniuliza kama nimewahi kuongezewa damu, kung'olewa jino, kuchanjwa. Hawezi kusema niliupata wapi, na mimi siwezi. Lakini aliposema "kutoboa masikio" nilijishika sikio. Unamkumbuka yule jirani yetu mtoboa masikio? Kigoda chake uani, foleni ya wasichana wa mtaa mzima, na sindano ni moja, akiifuta kwa kitambaa kilekile. Mimi nilitangulia, wewe ukanifuata. La kulia ulivumilia. La kushoto, alipoanza tu kulichoma, ulipiga ukelele ukamng'ata kidole ukatoka mbio, na mama nyuma yako na kandambili. Ndiyo maana mpaka leo una tundu moja na nusu, na hereni ya kushoto unavaa ya kubana.

Najua utetezi wako. Utasema wewe ulitobolewa nusu. Hilo la kulia je, nani alilitoboa, malaika? Kaa ukijua nimelifikiria sikio lako la kushoto kuliko ulivyolifikiria wewe mwenyewe, na halikusaidii. Wala usiniambie hujisikii mgonjwa, maana hata mimi sikujisikia. Pengine huna kitu. Pengine namsingizia mama wa watu, na sindano yake haina hatia. Nitafurahi sana kumtafuta nimwombe radhi.

Lakini ile siku ya simu, katikati ya maneno yako mengi, ulisema siku hizi unachoka, unalala mchana, hamu ya kula huna. Ukacheka, ukasema ni mapacha. Mapacha gani, Chiriku? Watoto wanafunga kamba za viatu wenyewe, wanakwenda shule wenyewe. Tangu siku hiyo roho yangu haijatulia. Siogopi ugonjwa, maana unatibika, mimi ndiye shahidi. Naogopa wewe uwe nao na uufanyie mzaha kama unavyofanyia kila kitu, mpaka ini lichoke na tuanze kutafutana tumechelewa. Hilo siliwezi. Mama ametuacha wawili tu.

Nenda kwenye kliniki yoyote iliyo karibu, sema unataka kupimwa homa ya ini aina ya C. Usione haya. Hawatashangaa, wewe ndiye utakayeshangaa ilivyo rahisi.

Nisalimie mumeo na mguu wake. Wabusu mapacha, mmoja mmoja, wasije wakagombania na busu. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, mwambie kile kitambaa alichonishonea bado nakitandika mezani wageni wakija. Shemeji yako anakusalimu kutoka chini ya gazeti. Mkondo wa C nao wanakusalimu. Hawajakuona, lakini nimewaeleza habari zako, na Dereva anasema usiogope, yeye mwenyewe haogopi. Bibi Harusi amecheka mpaka akashika ukuta.

Kitu kimoja tu kimebaki. Siku nilipopewa majibu yangu ya kwanza nilikuwa peke yangu. Nilitoka kwenye ule ujia nikasimama barabarani, na njia ya nyumbani, ninayoipita kila siku, sikuijua. Sitaki utoke hivyo. Kwa hiyo waombe wakupe majibu yako siku ya Alhamisi. Nimeshapanga na Monita. Tutakuwa kwenye benchi sote, simu yangu katikati yetu, sauti imefunguliwa, na hatutanyanyuka hata kama kliniki itafungwa. Ukishatoka chumbani, piga. Yakiwa mazuri, ongea utakavyo, chaji nitakuwa nimejaza. Yakiwa mengine na maneno yakagoma, basi kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe una ruhusa ya kunyamaza. Wewe shika tu simu. Sisi tutaongea.

Mungu akuweke, akuwekee na hao ulio nao, na Alhamisi hiyo akushike mkono kabla yetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na nikusubiriye,

Dada Mkubwa