Gari la Ouma Limekonda

Kisumu,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Wakesho,

Pokea salamu zangu. Naomba barua hii ikukute mzima, umeketi, na huna kikombe cha chai ya moto mkononi. Mama goti lake linaendeleaje? Bado anakataa mkongojo? Kikohozi cha Auma kimeisha? Na Okoth, mwambie mjomba wake amesikia kwamba amekuwa wa tatu darasani na amefurahi mno. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kazi ipo. Malaria ilinishika mwezi uliopita ikaniachia. Hayo ndiyo mazuri, na yameisha.

Barua yako ya kunijulisha siku ya rapar, ile kumbukumbu ya marehemu mumeo Ouma, ilinifikia gereji, nikiwa nimelala chini ya gari. Niliisoma hapo hapo chini, mafuta yakinidondokea shingoni. Umeandika kwamba wazee wa kwao wamekubali kumbukumbu ifanyike likizo ya Desemba, kwamba mtashuka treni Kisumu Ijumaa asubuhi, na kwamba nije stesheni na gari la baba yao. "Nataka watoto waingie lango la kwao katika gari lile, mimi mbele na wao nyuma, kama tulivyokuwa tukiingia." Dada, gari nililokuwa nimelala chini yake ni lile lile. Kiti cha nyuma halikuwa nacho. Hata chako cha mbele kilikuwa kimeng'olewa.

Usiirarue barua. Nisikilize kwanza, halafu nitukane.

Ulipopata uhamisho wa kurudi kufundisha Voi uliniachia Starlet ya Ouma, gasketi imeungua, haiendi. Ulisema, "Itengeneze pole pole, Mwadime, uitunze." Tangu hapo umeniuliza mara tano gari vipi, na mara tano nimekujibu kwamba vipuri vinangojewa kutoka Nairobi. Uongo mtupu. Gasketi niliibadilisha wiki ya pili. Siku ile ile niliwasha injini ikanguruma vizuri, nikaenda nalo hadi Nyamasaria na kurudi, na balaa ikaanzia hapo.

Unajua tajiri wangu wa gereji anavyopenda magari ya mbio. Yeye na wenzake, wenye maduka na wenye mashamba ya miwa, wana kiwanja huko Nyamasaria. Kiangazi udongo mweusi ukikauka wanapanga mapipa, kila mmoja anazungusha gari lake peke yake, na mtu anasimama na saa. Hakuna kombe. Ni kushindana na ile saa tu. Mimi kwa miaka sita nilikuwa mtu wa kushika spana kando, nikimwagiwa vumbi. Tajiri alipoisikia Starlet alikuja akaweka mkono kwenye boneti kama daktari. "Mwadime, hii gari iko na moyo," akasema. "Wewe toa takataka yote ndani. Uzito ndio inamaliza yeye."

Takataka! Na mimi nikacheka, dada. Nikacheka, nikaenda kuchukua spana.

Nilianza na zulia. Nikajiambia zulia linarudishwa kwa dakika kumi. Halafu kiti cha nyuma, kile chenye doa la wino la Auma. Halafu redio ya kaseti, vitambaa vya milango, kioo cha mlango wa nyuma nikaweka plastiki. Nikachonga hedi ya injini, nikaweka kabureta kubwa, nikakata springi gari likakaa chini kama bata anayeatamia. Ndani nikachomelea vyuma vya kunilinda likipinduka, vinapita pale pale kichwa cha Okoth kilipokuwa kikiegemea. Na honi nikaitoa, maana mtu anayekimbia peke yake kiwanjani anampigia nani honi? Niliibadilisha na dereva wa gari la mkate, akanipa mkanda wa kiti.

Kila nilipokuwa nikifungua skurubu nilijua ninachofanya. Sitaki uniambie sikujua. Ouma ndiye aliyenileta Kisumu. Ouma ndiye aliyenitafutia kazi gereji hii na kunilaza sebuleni kwenu miaka miwili bila kuniuliza lini nahama. Na mimi nikamchambulia gari lake kama samaki.

Lakini nikikuficha lile jingine nitakuwa nimeongeza uongo wa sita. Nilifurahi, dada. Wallahi nilifurahi, ingawa mimi si mtu wa kuapa. Siku ya kwanza nilipozunguka yale mapipa, vumbi nyuma, tumbo limebaki kwenye kona ya pili, nilipiga kelele peke yangu ndani kama mwendawazimu. Mara ya tatu nilimshinda tajiri mwenyewe, akakataa kuamini saa. Watu walinipigia makofi, na waliniita Bwana Mwadime. Nikawa ninaamka Jumapili nikiwa na sababu. Ndiyo maana kila barua yako ilipokuja nilikuwa nikiiweka mfukoni siku mbili kabla ya kuifungua.

Sasa sikia nilichofanya baada ya barua hii ya mwisho. Niliona nianze kuungama kwa mama mkwe wako, kwa kuwa lango ni lake na yuko karibu. Jumamosi iliyofuata nikaenda na gari lenyewe, ili nisipate njia ya kusema uongo. Nikapita Ahero, nikakata kuelekea Sondu, watoto barabarani wanakimbia kuona gari linalopiga kelele hivyo. Nilipofika njia panda yenye kinu cha posho nikakumbuka. Hapo ndipo Ouma alipokuwa akipiga honi mara tatu, na mama yake akisikia anaweka sufuria motoni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye usukani. Nikabonyeza. Kimya.

Nilisimama nje ya lango, sikuliingiza gari. Yule mama alitoka mbio akijifuta mikono, alidhani ni lori limekosea njia. Aliponiona akafurahi. "Orwa! Kumbe ni wewe? Ingia, ingia, mbona unasimama huko kama mtu ya kuuza sukari?" Orwa, unajua, ndivyo wanavyomwita mkwe wao. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kwa neno zito." Akasema, "Neno haitoroki. Mkwe haongei na njaa." Kabla sijafungua mdomo tena nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili wewe uliyeolewa huko utalielewa kuliko mtu yeyote. Ningesema kabla kuku hajachinjwa. Badala yake nikajiambia nitasema chakula kikiwa jikoni, halafu nitasema kikiletwa, na kikaletwa. Sasa mtu aliyeletewa kuku wa ukwe atawezaje kusema, mama, nimelikatakata gari la mwanao? Nikanawa mikono. Akanitafutia kipande mwenyewe kwenye bakuli, akaniwekea firigisi. "Hii nilikuwa naweka ya Ouma," akasema. "Sasa hakuna mwanaume ya kukula. Kula wewe." Nikaila, dada. Nikaila yote, na nikasema asante.

Kisha akaniomba aone gari. Tulitoka naye. Akalizunguka polepole, akachungulia dirishani. Ndani ni bati tupu, vyuma, na kiti kimoja. Akaingiza mkono, akapapasa sakafu pale watoto walipokuwa wakikaa.

"Hii gari ilikuwa mgonjwa?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Mbona imekonda hivi?" Akautoa mkono, akaufuta kwenye kanga. "Ouma pia alikonda hivi, ile miezi ya mwisho."

Nikalia, Wakesho. Mtu mzima mwenye ndevu, nimeshika mlango wa gari lisilo na kitambaa, nalia mbele ya mama mkwe wa dada yangu na kuku wake bado yuko tumboni. Nikamwambia kila kitu, mapipa, saa, makofi, uongo mara tano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea, na heri angenifokea. Akasema tu, "Mimi si mwenye gari. Mwenye gari ni Wakesho. Mwambie yeye, na mwambie kabla hajapanda treni. Usingoje akule kuku kwanza." Halafu akanifungia mapaja mawili kwenye karatasi nile njiani.

Basi hii ndiyo barua yenyewe. Ukinikatia undugu sitashangaa.

Tangu siku ile nimefanya nilichoweza. Vile vyuma nimevikata. Tajiri alisimama mlangoni akanitazama, akasema, "Wewe iko mjinga kabisa, hii gari ingeshinda mpaka Nakuru." Nikamwambia ndiyo tajiri, ni kweli, nikaendelea kukata. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Iliniuma kama kung'oa jino zima. Springi nimepata nyingine, gari limeinuka. Kioo cha nyuma kimerudi, na viti viwili vya mbele vimerudi. Redio sikuipata na sitaipata. Sakafuni kuna matundu manne niliyoyaziba kwa bati, na mlangoni kwako ukitazama jua likiwa upande utaona kivuli cha namba kumi na nne, namba yangu ya mbio. Nimepaka rangi mara tatu, bado inachungulia.

Kiti cha nyuma kilinipeleka Obunga. Nilikuwa nimempa Min Akinyi, mama wa kibanda cha chai, na wateja wake wanakalia hapo kila asubuhi. Nilipokidai akashika kiuno. "Sasa customer yangu itakalia kichwa yangu? Ulinipa mwenyewe, nilikuomba?" Nikampa kiti changu cha mbio badala yake, kile cha kubana mbavu. Akakijaribu, akakwama, wateja wakacheka mpaka chai ikamwagika, naye mwenyewe akacheka, mambo yakaisha. Nimekifua kiti mara mbili kwa sabuni ya unga. Kinanuka moshi na mandazi kidogo, nisamehe, lakini doa la wino la Auma liko pale pale. Ninaandika barua hii nikiwa nimeketi juu yake, gari likiwa uwanjani nje ya gereji, milango wazi.

Nisalimie mama yetu, na umwambie mkongojo si aibu. Nisalimie mjomba mwenye duka la nafaka na shangazi anayeuza maua kanisani. Mwalimu mkuu wako mpe heshima zangu. Watoto usiwaambie yote. Au waambie, amua wewe, mimi sina tena haki ya kuamua.

Imebaki honi. Yule dereva wa mkate nimemfuata siku nne, nikamkuta Kibuye sokoni, akanirudishia bila neno baada ya kusikia ni ya nani. Nimeifunga mahali pake, waya nimeuunga, na kila kitu kiko sawa. Lakini sijaibonyeza. Fundi yeyote angeijaribu kwanza, hata mimi ninajua hivyo. Nimeshindwa. Ijumaa, kama bado utakubali kupanda gari ninaloliendesha mimi, tukifika pale kwenye kinu cha posho nitapunguza mwendo na kuondoa mikono yangu kwenye usukani. Utabonyeza wewe, mara tatu. Mama mkwe wako ameniambia atakuwa amekaa jikoni na sufuria ya maji, na moto hatauwasha mpaka asikie.

Nduguyo mwenye aibu, anayekungoja stesheni,
Mwadime