Mlango wa Kushoto

3 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu unaninung'unikia. Wewe u mzima huko kwenye michoro yako?

Zahanati uliyoichora ni nzuri, nami mlinzi wake naringa nayo. Ila nina neno, na silipaki sukari. Mbele uliweka milango miwili pacha, ili uso wa jengo ulingane. Wa kulia unafunguka. Wa kushoto ni pambo, nyuma yake ukuta! Wauguzi wameubatiza Bwana Ahadi. Kutwa nzima naimba: "Siyo huo, mama! Huo wa uongo!"

Jana nilikuwa barabarani naelekeza gari la wagonjwa. Mama mwenye uchungu akausukuma mlango ule hadi nguvu zikamwisha. Akajifungulia pale pale, kwenye saruji. Mama na mtoto wote ni salama, tumshukuru Mungu. Lakini huo si mlango, ni ukuta wenye kiburi.

Mjomba wako

17 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na mgongo. Barua yako imenichoma. Lakini waamuzi wa tuzo ya majengo wanakuja Juni, na ulinganifu huo ndio uliowavutia. Nikitoboa ukuta, mlango lazima uwe mpana kuliko pacha wake ili machela ipite. Uso utapinda. Nivumilie hadi Julai?

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Uchungu wa kuzaa haujui Julai.

Mjomba wako

28 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumai hujambo. Mafundi wanafika Jumatatu. Waambie wauguzi wahamishe kwanza stoo ya dawa iliyo nyuma ya ukuta.

Nilikununia mwezi mzima, nisamehe. Wote waliniambia jengo ni zuri. Wewe peke yako uliniambia linavyowatenda watu. Asante, Mjomba.

Mpwa wako

11 Juni

Mpwa wangu kipenzi,

Salamu zikukute na afya tele. Mlango mpya una wiki ya tatu sasa. Machela inapita bila kugusa fremu, na sauti yangu imepumzika. Asante, mwanangu. Umenipita elimu mara kumi, na bado umemsikiliza mlinzi.

Waamuzi wamekuja leo. Mmoja, tai imemkaba shingo, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Nani ameharibu uso wa jengo hili?"

"Mpwa wangu," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika hadi wodini. "Na tupishe hapo mlangoni, bwana. Kuna mgonjwa anaingia."

Mjomba wako