Walivyomfanya Myahudi Kuwa Msabato

Karurumo, Jumatano

Eti Msabato! Bado nina hasira, hata uji umekataa kushuka.

Leo mwenyekiti wa kamati ametusomea historia ya nyumba yetu ya kuzalia akina mama, ile ameandika kwa msumari kwenye simiti mbichi tuliyomwaga leo hapo mlangoni: ILIJENGWA NA MZUNGU MSABATO. Kisa? Jumamosi huyo Mzungu hakuwa anashika kazi. Nikasimama.

"Mwenyekiti, yule mzee alikuwa Myahudi. Mimi ndiye nilimwashia jiko kila Jumamosi, maana dini yake ilimkataza kuwasha moto. Na kanisani hakuingia hata siku moja."

"Mzee, kwani ulifika darasa la ngapi?"

"La tatu. Wewe uliyefika mbali, mama yako alikuzaa juu ya kitanda cha huyo Myahudi."

Watu wakacheka. Nikaambiwa niketi, nikaketi. Lakini mtu atoe mali yake ili wake zetu wasifie shambani wakizaa, halafu tumnyang'anye hata kabila lake?

Walipoingia kula mukimo, nikafuta MSABATO kwa kidole gumba, nikaandika MYAHUDI. Herufi zimepinda kidogo. Kufika kesho asubuhi simiti itakuwa ngumu kama kichwa cha mwenyekiti.