Mama Alisikia Radi

Nzahaha, Cyangugu
25 Oktoba 1998

Mpendwa kaka yangu Vénuste,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Kigoma mnaendeleaje? Goti lako limepona, au bado unalisingizia ukichelewa kuamka? Sisi tuko wazima. Mama naye mwili wake hauna neno, ila moyo wake ndio umenifanya nikuandikie.

Unajua anavyopanda maharage. Redio hasikilizi. Anangoja upepo wa baridi kutoka ng'ambo, Kongo, kisha radi ya kwanza. Hapo anachukua mbegu, na majirani wote wanamfuata. Mwezi wa tisa baridi ilikuja, tukajifunika mablanketi. Siku ya pili tukasikia ngurumo upande wa Kongo. Mama alipiga magoti akashukuru, kisha akapanda. Kilima kizima kikapanda.

Mvua haikuja, mbegu zikafia ardhini. Munyaneza, yule agronomu, bwana shamba wetu, alitueleza kwamba baridi peke yake haitoshi. Zamani upepo huo ulitoka magharibi na unyevu wa misitu ya Kongo, ukipanda milima yetu unamwaga maji. Mwaka huu umegeuka: unatoka kusini, unapita bonde la Rusizi ukiwa mkavu.

Na ngurumo je? Wiki iliyofuata, watu waliovuka mto Rusizi wakikimbia vita vya Kongo walituambia ilikuwa nini. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haikukuwa radi. Miye nilimushukuru Mungu juu ya bombe zenye kuuwa batoto ba bantu."

Tangu siku ile hakugusa jembe. Hakuna aliyemlaumu. Jirani yetu Honorine hata alimletea mbegu nyingine, Mama akazisukuma chini ya kitanda. Niliumia sana, kaka. Sikio kukosea si dhambi, lakini ukimwambia hivyo anageukia ukuta.

Juzi ikanguruma tena, na upepo ulitoka magharibi. Mama aliziba masikio. Majirani walisimama nje wakitazama mlango wetu. Nikazitoa zile mbegu, nikaenda shambani peke yangu, naogopa kama mwizi. Kwenye mstari wa tatu nikasikia mtu nyuma yangu anafukia mashimo kwa mguu. Sikugeuka. Matone yalipoanza akauliza, "Na hii, ni ya Mungu?"

Nikamwambia, "Ni ya Mungu, Mama."

Msalimie wifi Uwineza na Wenceslas mdogo. Honorine anawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake. Mama anaomba mkienda misa muwaombee waliokufa siku ile aliyopiga magoti. Majina yao hayajui.

Wako akupendaye daima,
dada yako Dusabe