Mama Haongei Haraka Vile

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kipaza,

Salamu kwanza, maana mama alitulea kwa adabu na hasira zangu zinaweza kusubiri mistari michache. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto mdogo kimeisha? Sisi huku tunapumua. Mimi mgongo unanisumbua kwa kuinamia sare za shule. Mjomba ameng'oa jino na anamsimulia kila anayepita mlangoni. Mama hajambo kiasi, na hilo neno "kiasi" ndilo lililonikalisha kuandika.

Haya, salamu zimeisha. Sasa nikugombeze.

Mwezi uliopita nilikutumia sauti ya mama. Nilimkalisha karibu na meza yangu ya kukatia vitambaa, nikawasha kompyuta uliyotuachia na ile programu yenu ya bure ya kurekodi, mnayoitengeneza wewe na wenzako kwa kujitolea tangu ukiwa huna ndevu. Unajua tangu apigwe na kiharusi, neno moja likimtoka, linalofuata analitafuta mpaka jasho linamtiririka. Daktari wa usemi alimfundisha kugonga meza kwa kidole kila anapotaka kutamka. Basi akagonga, akatafuta, akagonga tena. Mimi nilishona kola ya shati nikaimaliza, naye bado hajamaliza kukuuliza habari za watoto.

Rekodi nikakutumia wewe, nikamtumia na daktari. Kliniki iko mbali, kwa hiyo yeye hupima maendeleo ya mama kwa kumsikiliza hivyo hivyo.

Ukanijibu: "Dada, mama anaongea kama zamani! Nimecheka mpaka machozi. Basi safari yangu ya kuja huko niisogeze mwakani." Nikadhani unatania. Siku chache baadaye daktari naye akapiga simu, ananipongeza. Ati mama amepona kuliko alivyotarajia, na nafasi yake ya mazoezi amepewa mgonjwa mwingine mwenye shida zaidi.

Hapo ndipo nilipoifungua ile rekodi. Kabla ya hapo sikuwa nimeisikiliza, maana nani hurudi kumsikiliza mtu aliyekuwa naye chumbani? Loo! Mama anamwaga maneno kama mtangazaji wa mpira. Kidole hakisikiki, cherehani yangu haisikiki, wala yule jirani anayechomelea mageti na kugonga vyuma kutwa. Mchana mzima wa mama umekuwa kitu cha kumalizika kabla chai haijapoa.

Na mama mwenyewe alikuwa pale pale. Aliposikia akatabasamu, jamani, tabasamu ambalo sijaliona tangu augue. Akanionyesha kwa mkono nirudie. Halafu akajaribu kuongea hivyo, kwa kasi ile. Mdomo ukafunguka, ulimi ukagoma. Akajaribu tena. Mwishowe akageukia ukutani, akagonga kidole kwenye kiti, akasema: "Huyo... si... mimi." Siku mbili hakufungua mdomo, hata kuomba maji.

Nikamwita fundi kompyuta wa mtaani, yule tunayemwita Nyaya. Akachokonoa, akasema programu ilijisasisha yenyewe. Kumbe kuna kisanduku cha kukata ukimya na kelele. Miaka yote kilikuwa kitupu mpaka mtu akiweke tiki mwenyewe, lakini toleo jipya linakuja nacho kimeshawekwa. Na programu ikishakata, inahifadhi kilichokatwa tu, ile sauti ya asili inatupwa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama wa siku ile hatumpati tena.

Nikaanza kuwatukana waliofanya hivyo, sikuacha kitu. Nyaya akasema, "Dada, mjadala wao uko wazi, mtu yeyote anasoma," akanifungulia. Nikavaa miwani nikasoma wote. Kuna mzee mmoja kati ya wenzako, anayerekodi sauti za ndege wa msituni, aliwasihi. Programu imekula chumvi nyingi, alisema, watu wameizoea, hiyo mpya iwekeni lakini anayeitaka aiwashe mwenyewe. Chini yake mtu akamjibu: "Walalamikaji ni wachache. Hakuna anayetaka kuhifadhi ukimya. Tupitishe." Na mtu huyo amejiandika Kipaza.

Kipaza! Jina alilokupa mama, kwa vile ulivyokuwa ukilia kama kipaza sauti mpaka mtaa mzima unajua una njaa. Jina hilo hilo ndilo ulilolitia chini ya maneno ya kumfuta. Damu ilinichemka, nikatoka nje nikasimama barabarani na pini zangu zikiwa bado mdomoni. Wateja wakanikwepa.

Usithubutu kuniambia kwamba anayetaka ya zamani aende kwenye mipangilio abofye. Najua ndilo jibu lako, ulishamjibu hivyo yule mzee wa ndege. Nitabofyaje kitu ambacho sijui kimebadilika? Mteja akiniletea gauni nipunguze urefu, simkatii na mikono eti kwa sababu wengi siku hizi wanapenda mikono mifupi, halafu nimwambie angesema. Najua hamlipwi. Najua wapo waliofurahi, hao wanaorekodi mazungumzo ya kuweka mtandaoni, mmewapunguzia kazi. Wangefurahi vile vile kwa kubofya wenyewe mara moja! Huo ni ujuaji, na kimbelembele juu yake.

Kinachonikata maini zaidi ni kwamba wewe uliyeipitisha imekupiga chenga wewe mwenyewe. Ulimsikia mama yako mzazi anaongea bila kuvuta pumzi, na hukushtuka. Ulifurahi, ukaahirisha safari.

Hapa kwetu tiki nimeshaitoa. Lakini daktari haniamini. Anasema kompyuta haiwezi kumfanya mgonjwa aongee vizuri, anadhani natunga ili turudishiwe nafasi. Sasa utamwandikia wewe, ukimaliza tu kusoma hii, kwa jina lako kamili na kazi unayofanya kwenye hiyo programu, umweleze mlichokikata. Ukitoka hapo rudi kwa wenzako mkarudishe mpangilio kama ulivyokuwa. Sijui ni mama wa nani mwingine anayesikika kana kwamba amepona.

Mjomba anakusalimu, anauliza kama huko kuna meno ya bei nafuu. Binamu zako wote wanakusalimu. Nyaya naye, ingawa sasa anakuogopa. Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao hana ugomvi nao.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Jana mama alikubali kurekodi tena, mimi mwenyewe nikakagua kile kisanduku kabla na baada. Utasikia kidole kinagonga meza, kisha "Ki". Halafu utamsikia jirani anagonga chuma, cherehani yangu inakwenda, mwanafunzi anakuja kuchukua sare yake, anashukuru, anaondoka. Halafu "pa". Usidhani imekwama, wala usiruke mbele. Mimi nilitaka kumsaidia kulimalizia jina lako, akaninyamazisha kwa mkono. Baada ya jina kuna neno moja tu, "njoo", na kabla ya neno hilo kuna ukimya mrefu kuliko wote. Hapo ndipo anapokuita, Kipaza. Usikilize wote.

Mungu akulinde njiani.

Ni mimi nikupendaye, na hasira zangu zote,
Dada yako mkubwa.